Mkaguzi Akija kwa Miadi

Nchini Australia, kampuni inayotaka kusajiliwa ili ilipwe fedha za umma kwa kuwaogesha, kuwalisha na kuwalaza watu wenye ulemavu ni lazima kwanza ikaguliwe. Sharti hilo ni la sheria na sijamsikia mtu mwenye akili timamu akilipinga. Ila mkaguzi huyo anatafutwa na kampuni yenyewe, analipwa na kampuni yenyewe, na siku ya kuja kwake hupangwa kwa maelewano na kampuni yenyewe. Haya si maneno ya wachochezi. Ndivyo utaratibu ulivyo.

Mambo haya ya mbali yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Ukifika Melbourne, Brisbane au Perth ukamuuliza Mkongo, Mrundi, Mkenya au Mtanzania anafanya kazi gani, si ajabu akakujibu kwamba anahudumia wazee au watu wenye ulemavu. Wengine wameshafungua kampuni zao. Fedha wanazotuma nyumbani zinatoka katika zamu za usiku ndani ya nyumba ambazo mkaguzi huziona mchana tu, kwa saa chache.

Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, ambao kila mtu huko huuita NDIS, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Zamani serikali ilizipa taasisi mafungu, na mwenye ulemavu akapokea alichopangiwa. Sheria hii iliamua kwamba fedha zimfuate mtu: kila mshiriki apewe mpango wenye bajeti yake, kisha achague nani amhudumie. Leo washiriki ni zaidi ya 600,000 na gharama ya mwaka imeshapita dola za Australia bilioni 40. Fedha zikimfuata mtu, wafanyabiashara nao humfuata, wema na wabaya. Ndiyo maana ikaundwa Tume ya Ubora na Ulinzi ya NDIS, iliyoanza kazi 1 Julai 2018 katika majimbo ya New South Wales na Australia Kusini, ikaenea kwingine mwaka uliofuata, na kumalizia Australia Magharibi mwezi Desemba 2020.

Ukaguzi wenyewe una ngazi mbili. Huduma zenye hatari ndogo, tuseme za mtaalamu wa fiziotherapia anayejitegemea, hupitia uhakiki. Mkaguzi hukaa ofisini kwake akasoma nyaraka: vyeti vya taaluma, bima, utaratibu wa kupokea malalamiko, ushahidi kwamba wafanyakazi wamechunguzwa. Huduma zenye hatari kubwa, kama kumsaidia mtu kuoga na kumeza dawa, au kuendesha nyumba za pamoja zenye wasaidizi, hupitia ithibati. Hapo kwanza zinasomwa nyaraka, kisha mkaguzi anafika, anatembelea nyumba, anawahoji wakubwa, wafanyakazi na washiriki wenyewe. Usajili kwa kawaida ni wa miaka 3, na wenye ithibati hukaguliwa tena katikati, karibu na mwezi wa 18. Kila kiwango hupewa alama. Alama 2 ni kutimiza, 3 ni kutimiza kwa namna ya kuigwa, 1 ni upungufu mdogo, na 0 ni upungufu mkubwa ambao kampuni hupewa miezi 3 kuurekebisha. Wakaguzi ni makampuni binafsi yaliyoidhinishwa na Tume, baada ya kupimwa na JAS-ANZ, chombo cha pamoja cha Australia na New Zealand kinachowapima wanaowapima wengine.

Viwango vimeandikwa vizuri, na lazima niliseme hilo kabla ya kulaumu. Sehemu kubwa inaanza na mshiriki: haki zake, faragha yake, uhuru wake wa kuamua, pamoja na haki ya kujiingiza katika hatari ndogondogo kama mtu mzima mwingine yeyote. Aidha, viwango hivi hubadilika vifo vinapofundisha jambo. Mwaka 2019 Tume ilichapisha uchambuzi wa vyanzo vya vifo vya watu wenye ulemavu, uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales wakiongozwa na Profesa Julian Trollor. Ulionyesha jinsi matatizo ya kupumua, yakiwemo yatokanayo na chakula kuingia mapafuni au kumkaba mtu, yalivyokuwa yakiua watu ambao wangeweza kuokolewa. Mwaka 2021 kikaongezwa kiwango cha usimamizi wa mlo. Anayehitaji chakula laini au kinywaji kilichotiwa uzito awe na mpango ulioandikwa na mtaalamu, na anayempikia aujue.

Kiwango hicho kinaonyesha ukaguzi unavyoweza kufanya kazi, na unavyoweza kushindwa. Mkaguzi mmoja atafungua faili la mshiriki, akauona mpango wa mlo una tarehe na saini, akaandika alama 2, akaendelea. Mwingine ataingia jikoni saa ya chakula cha mchana na kumuuliza aliyeshika mwiko: huyu mama anakula nini, kilainishwe kiasi gani, akianza kukohoa unafanya nini? Kama aliyeshika mwiko ni kibarua aliyeletwa na wakala asubuhi hiyo, na hajui hata jina la mama huyo, faili halina maana yoyote. Wakaguzi wote wawili wametimiza wajibu wao kwa mujibu wa kanuni, na kampuni italipia cheti kilekile.

Tanzania tumezoea kusikia halmashauri ikijisifu kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ameipa hati safi, huku zahanati yake haina dawa. Hati ile inasema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba mgonjwa ametibiwa. Cheti cha NDIS kiko hivyohivyo: kinathibitisha kwamba kampuni ina mfumo, na kwamba katika siku chache za ukaguzi, kwa sampuli iliyoonekana, mfumo huo ulionekana kutumika. Kosa linaanza pale serikali, familia na kampuni zenyewe zinapokisoma kana kwamba kimeandikwa, “Mtu huyu yuko salama.”

Tazama kilichotokea Adelaide. Tarehe 6 Aprili 2020 alifariki hospitalini Ann-Marie Smith, mwanamke wa miaka 54 aliyekuwa na ulemavu wa mtindio wa ubongo. Aliishi peke yake katika nyumba yake na alihudumiwa na msaidizi mmoja tu. Alikufa kwa sumu ya damu na viungo kushindwa kufanya kazi, akiwa na vidonda vikubwa vya kukaa na utapiamlo. Ilibainika kwamba siku zake zilipita katika kiti kimoja cha kusukwa. Kampuni iliyokuwa ikilipwa kwa ajili yake ilikuwa na usajili. Baadaye Tume iliifutia usajili huo na kuipiga marufuku, na msaidizi akakiri kosa la kuua bila kukusudia na kufungwa.

Tume ilimwomba Alan Robertson, jaji wa zamani wa Mahakama ya Shirikisho, achunguze. Ripoti yake ya Agosti 2020 ilikuwa na mapendekezo 10, na lililo zito kuliko yote halikuhitaji mtaalamu wa viwango: mtu aliye hatarini asiachwe mikononi mwa msaidizi mmoja peke yake. Yaani wawepo watu wawili. Jicho la pili. Alipendekeza pia Tume ifikirie kuwa na wageni wake wa kutembelea nyumba, mfano wa wale walioko katika baadhi ya majimbo. Nitawarudia wageni hao.

Kesi nyingine mbili zilifika Mahakama ya Shirikisho. Mwaka 2023 shirika la Afford lilitozwa dola 400,000 kufuatia kifo cha mwanamke kijana mwenye kifafa, aliyekutwa hana fahamu ndani ya beseni la kuogea katika nyumba ya pamoja kusini magharibi mwa Sydney, Mei 2019. Mwaka 2024 shirika la LiveBetter likatozwa dola milioni 1.8. Mwathirika hapa naye alikuwa mwanamke kijana, mjini Orange, aliyeungua kwa maji ya kuoga yaliyokuwa ya moto mno na akafa, mwaka 2022. Mashirika yote mawili yalikuwa yamesajiliwa, yakiwa na ofisi, mameneja na makabrasha ya sera. Kesi zote mbili ziliwahusu wafanyakazi ambao hawakuwa wamefundishwa ipasavyo namna ya kumwogesha mtu yule hasa aliyekuwa mbele yao.

Hapo ndipo pa kujiuliza mkaguzi angeona nini. Kwenye rejista ya mafunzo angeona majina, tarehe na vyeti vya kozi za mtandaoni. Sera ya usalama bafuni pengine angeikuta. Ambacho asingekiona, kwa sababu hakuna mkaguzi wa miadi anayekiona, ni mkono wa mfanyakazi ukikosa kuingia majini kupima joto kabla mtu hajaingizwa. Kuna biashara nzima huko ya washauri wanaouza makabrasha ya sera yaliyokwisha kuandikwa. Unalipa, unabadilisha jina la kampuni juu ya ukurasa, unaingia kwenye ukaguzi. Kisheria hakuna ubaya, na kwa mtu anayeanza biashara ni msaada. Lakini sera ambayo mwenye kampuni hajaisoma haitamfikia kibarua wa zamu ya usiku.

Sitaki kuwaonea wakaguzi. Baadhi yao ni wauguzi na wafanyakazi wa jamii wa miaka mingi, na wakikuta hatari ya papo hapo wanatakiwa kuijulisha Tume, wasingoje ripoti. Isitoshe, sheria ina njia nyingine za kuona ndani. Kifo, jeraha kubwa, unyanyasaji au kutelekezwa ni lazima viripotiwe kwa Tume ndani ya saa 24. Kumzuia mtu bila idhini, iwe kwa kumfungia, kumfunga, kumshika kwa nguvu, kumzuilia vitu vyake au kumpa dawa ya kutuliza tabia yake, huripotiwa ndani ya siku 5 za kazi. Katika mwaka wa fedha 2020/21 Tume ilipokea taarifa zaidi ya milioni 1 za aina hii ya pili. Idadi hiyo inatisha, na imepigiwa kelele sana, ila inahitaji kusomwa kwa uangalifu: mtu mmoja anayepewa kidonge kila siku bila idhini kamili anaweza kuhesabiwa kila siku. Hata hivyo, inatueleza jambo ambalo alama za 0 hadi 3 hazituelezi. Watu walikuwa wakizuiwa kila siku ndani ya nyumba za kampuni zenye usajili, mara nyingi kwa sababu karatasi za idhini zilikuwa hazijakamilika, na maisha yaliendelea.

Sasa suala la nani analipa. Kampuni inachukua orodha ya wakaguzi walioidhinishwa, inaomba bei kwa watatu wanne, inachagua. Gharama ya ithibati huanzia dola elfu kadhaa na kupanda kadiri kampuni ilivyo na nyumba na washiriki wengi. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba ndivyo ilivyo hata kwa hesabu za makampuni, na kwamba JAS-ANZ na Tume huwasimamia wakaguzi. Ni kweli. Lakini mkaguzi wa hesabu anazo benki za kulinganisha nazo na wanahisa wenye hasira nyuma yake. Mkaguzi wa nyumba ya watu wanne wasiozungumza ana nini? Ana meneja anayemtengenezea chai, na anayejua kwamba baada ya miezi 18 mkataba mwingine wa ukaguzi utatafutiwa mtu. Hakuna haja ya kumshuku mkaguzi rushwa. Inatosha kutambua kwamba anayelegeza kidogo hapotezi mteja, na anayekaza sana anaweza kumpoteza. Suluhisho ni rahisi hata linachosha kulitaja: kampuni zilipe ada kwa Tume, na Tume ndiyo ipange nani amkague nani. Sijaona hoja nzito ya kulikataa zaidi ya mazoea.

Na bado tunazungumza juu ya waliojisajili. Mshiriki anayesimamia fedha zake mwenyewe, au anayesimamiwa na wakala wa malipo, anaruhusiwa kwa huduma nyingi kumlipa mtoa huduma asiyesajiliwa. Huyo hakaguliwi kabisa. Anafungwa na kanuni za maadili za NDIS na anaweza kulalamikiwa, basi. Jopo la mapitio ya NDIS lililoongozwa na Bruce Bonyhady na Lisa Paul, ambalo ripoti yake ilitolewa hadharani Desemba 2023, lilikuta watoa huduma waliosajiliwa kama 16,000 na wasiosajiliwa wanaokadiriwa kupita 150,000. Mzigo wote wa sera, alama na vyeti umewekwa juu ya lile kundi dogo. Fundi bustani aliyesajiliwa analipia uhakiki, na jirani yake anayemwogesha mtu kwa malipo, bila usajili, halipii chochote. Matokeo yake ni kwamba wadogo walio waadilifu huona afadhali waache usajili usipokuwa wa lazima kwao.

Jopo lilipendekeza kila mtoa huduma ajulikane, kwa ngazi zinazolingana na hatari ya kazi yake: wa hatari ndogo ajiandikishe tu, wa hatari kubwa akaguliwe kwa kina. Mwaka 2024 kikosi kazi kilichoongozwa na mwanasheria Natalie Wade, yeye mwenyewe mtu mwenye ulemavu, kilifafanua zaidi, na Septemba mwaka huo aliyekuwa waziri wa NDIS, Bill Shorten, akatangaza kwamba usajili utakuwa wa lazima kwa nyumba za pamoja, waratibu wa huduma na majukwaa ya mtandaoni yanayowakutanisha wateja na wasaidizi. Baadhi ya watu wenye ulemavu walipinga, na hoja yao isipuuzwe. Wao wanawaajiri wasaidizi wao wenyewe, wanawajua, wanawafukuza wakikosea. Kumlazimisha msaidizi wa namna hiyo kununua kabrasha la sera ni kumpokonya mshiriki uhuru aliopigania. Nakubaliana nao kwa mtu anayeweza kusema na kuamua. Sikubaliani pale mshiriki hana sauti, hana ndugu anayemtembelea, na anayesimamia fedha zake ni rafiki wa mwenye kampuni.

Nirudi kwa wageni. Victoria, New South Wales na Queensland zina watu waliopewa mamlaka ya kisheria kuingia katika nyumba za watu wenye ulemavu. Kwa Victoria ni watu wa kujitolea, wakazi wa kawaida walioandaliwa na ofisi ya Mtetezi wa Umma. Wanaweza kufika bila taarifa. Hawatoi alama. Wanatazama friji, wananusa vyumba, wanaketi na mkazi, wanauliza kwa nini mlango wa jikoni una kufuli. Kisha wanarudi tena baada ya muda na kuona kama kufuli bado lipo. Tume ya Kifalme iliyochunguza ukatili dhidi ya watu wenye ulemavu, na kutoa ripoti yake Septemba 2023 ikiwa na mapendekezo 222, ilitaka huduma hii iwepo nchi nzima kwa mtindo mmoja. Mgeni hawezi kuchukua nafasi ya mkaguzi, maana hajui kusoma chati ya dawa wala mkataba wa bima. Lakini ningelazimishwa kuchagua kimoja kwa ajili ya ndugu yangu asiyeweza kusema, ningechagua mgeni asiye na miadi.

Sitaki ukaguzi ufutwe. Ningependa ubebe kidogo na uone zaidi. Robo ya makaratasi ya sera ingeweza kuondolewa kesho na hakuna ambaye angedhurika. Muda utakaookolewa uende jikoni, bafuni, na kwenye zamu ya saa nne usiku. Mkaguzi aingie akiwa tayari na orodha ya matukio yaliyoripotiwa kuhusu nyumba ile na malalamiko yake, aanzie hapo, badala ya kuanzia kwenye kabrasha alilopewa na mwenyeji. Na katika timu ya ukaguzi awepo mtu mwenye ulemavu aliyewahi kuishi maisha yale, kwa malipo kamili, kwa sababu yeye ndiye atakayeona kwamba simu ya mshiriki imewekwa juu ya kabati asikoweza kuifikia.

Kuna pia suala la lugha. Viwango vinataka mshiriki aelezwe mambo kwa lugha na namna anayoielewa. Washiriki huingizwa moja kwa moja katika sampuli ya ukaguzi, isipokuwa mwenyewe akatae. Ni kanuni nzuri, lakini mama wa Kikongo ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake anaweza kuelezwa haki hiyo kwa Kiingereza na meneja yuleyule anayekaguliwa, na “hapana” yake ikaandikwa kwa haraka. Mkaguzi makini atataka mkalimani asiye mfanyakazi wa kampuni wala ndugu wa mshiriki. Huduma ya taifa ya ukalimani ina wakalimani wa Kiswahili. Kuikosa ni uzembe tu.

Neno langu la mwisho ni kwa wenzetu walioko kwenye zamu hizo. Wengi wenu ni vibarua, wengine viza zenu zimefungamana na ajira, na mnajua kwamba anayeuliza sana hapangiwi zamu wiki ijayo. Wiki moja kabla ya ukaguzi unaweza kuombwa utie saini chati ya dawa ya siku ambazo hukuwepo, au ujaze kumbukumbu za mwezi uliopita kwa mkupuo. Usitie. Saini hiyo ni yako, na mtu akidhurika wewe ndiye utakayeitwa kueleza. Sheria ya NDIS inamlinda mfanyakazi anayetoa taarifa kwa nia njema dhidi ya kulipiziwa kisasi. Andika tarehe na ulichoombwa kufanya, kisha ipigie Tume kwa namba 1800 035 544. Ukitaka kusema kwa Kiswahili, anza na huduma ya ukalimani kwa namba 131 450, uwaombe wakuunganishe.